Mwanasesere wa Mpangaji

Mpangaji wetu wa ghorofa ya juu alihamia hapa Puebla, Meksiko, kutoka Ufini, peke yake, na mpaka leo hukata mkate wa sikukuu ya Wafalme Watatu, kila Januari, kwa vidole vya woga, kama anayefungua zawadi ya mtu mwingine. Ndani huwa na mwanasesere mmoja tu wa plastiki, na anayemkuta hutulisha wote tamale, maandazi ya mahindi ya kuvukizwa majanini, mwezi wa pili. Ndiyo maana sisi wengine tuko radhi kummeza. Yeye humpata kila mwaka.

"Jamani, ni mimi tena!" alipaza sauti juzi, akimwinua mwanasesere, masikio yamemwiva kwa furaha. "Njooni wote kwangu!"

"Mzungu wewe una mkosi!" mjomba Eleuterio akacheka.

Bibi, kando yangu, aliacha kutafuna. Akatema mwanasesere mwingine kiganjani, akamficha mfukoni mwa aproni.

"Tutakuja, mwanangu," akasema. "Ila safari hii tia pilipili."