Mzinga wa Bayyumi

Mwaka mzima Bayyumi alikuwa mtu wa kupuuzwa, hata mboga ya nyumbani kwake aliichagua mkewe, Inshirah. Lakini Ramadhani ikiingia, mkoa wetu wote huku kwenye Nile ulimtegemea. Ndiye aliyebonyeza kitufe cha mlio wa mzinga wa kutangaza futari katika redio ya serikali, na bila mzinga huo hakuna aliyefuturu. Muadhini wetu mwenyewe aliweka redio miguuni. Jua la Mungu, saa ya serikali.

Redioni amri kuu ilikuwa moja: mkubwa akisema, hakatwi. Aliyemtangulia Bayyumi alimkata mkubwa mmoja aliyekuwa anapiga chafya tu, akahamishiwa ghalani kulinda nyaya. Na mwaka wa kisa hiki Bayyumi alikuwa amebakiza Ramadhani moja tu astaafu.

Basi jioni moja mkuu wa mkoa akawa anahutubia moja kwa moja redioni kutoka kwenye karamu ya futari. Jua likazama. Tuliliona kwa macho yetu, tende mkononi, na hatukula, wajinga sisi. Mkuu alishukuru wakulima, akashukuru madaraja, akafika kwenye mabomba ya maji taka. Sauti ikaanza kumkauka.

Simu ya studio ikalia. Alikuwa Inshirah.

"Baba Nagwa, huo mzinga umeuuza?"

"Mkuu anaongea, mama. Nikimkata, kesho nalinda nyaya."

"Usipomkata, usirudi hapa. Bata amepoa, na mama yako ameanza kumtazama paka vibaya."

Bayyumi akafumba macho, akabonyeza. Mzinga ukalia mkuu akiwa katikati ya neno "maendeleo". Mkoa mzima ukala, isipokuwa Bayyumi.

Asubuhi akaitwa kwa mkuu.

"Wewe ndiye wa mzinga?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa. Nina watoto wanne."

"Niliambiwa niongee mpaka mzinga ulie. Nikangoja wee. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe umalize, mheshimiwa."

"Nimeyashukuru mabomba ya maji taka mbele ya wageni, Bayyumi. Moja moja, mtaa kwa mtaa."

Bayyumi alistaafu salama. Amri mpya ikatoka redioni: magharibi ikifika, asisikilizwe mkubwa yeyote. Lakini amri ni amri na woga ni woga, kwa hiyo aliyerithi kile kiti hadi leo habonyezi kitufe mpaka Inshirah apige simu.