Watu Saba Juu ya Meli ya Baba

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, watu wa mtaa wetu, avenue yetu kule Kadutu, Bukavu, walitujia na mawe kwa sababu ya meli ambayo ningeweza kuibeba kwapani. Nasema "watu" tu, ingawa nawajua kwa majina mpaka leo, na nyumbani kwa baadhi yao nilikuwa nikila.

Baba alikuwa mchora ramani za viwanja katika ofisi moja mjini. Siku za mapumziko alitengeneza meli. Hazikuwa mitumbwi ya ziwani wala mashua za kwenda Goma. Zilikuwa meli za matanga za zamani, za baharini, zenye milingoti mitatu, ambazo yeye mwenyewe alikuwa ameziona tu katika picha za kamusi kubwa ya Kifaransa. Alipasua mbao za makasha mpaka zikawa nyembamba kama njiti, akazipindisha juu ya mvuke wa birika, akazibandika moja moja kwenye mbavu za meli. Matanga aliyakata kwenye shati lake lililochakaa. Kamba zilikuwa nyuzi za cherehani alizozipaka nta ya mshumaa ili zisitoe manyoya. Meli moja ilimchukua karibu mwaka mzima, na ikiisha aliiweka juu ya kabati, akaanza nyingine.

Kwa majirani hilo lilikuwa kosa la kwanza: mtu mzima, mwenye kazi ya ofisi, anajifungia Jumamosi nzima kuchonga kitu kisicholiwa wala kuuzwa. Na lazima niseme kweli, baba hakuwa mtu wa kupendeka. Hakukaa kunywa na wanaume wenzake. Ukimsalimia akiwa na gundi mkononi, alijibu bila kuinua kichwa. Watoto waliochungulia dirishani aliwafukuza kwa maneno makali, halafu akashangaa kwa nini mama zao wamemnunia. Ziwa tuliliona kutoka mlangoni petu, chini kabisa, nyuma ya mabati ya nyumba za watu, na Bukavu hakuna asiyesikia habari za mamba muntu, yule mwanamke wa majini anayempa mtu mali halafu anamdai roho za wenzake. Sisi mali hatukuwa nayo. Walinong'ona hivyo hivyo.

Koko, mama yake baba, alikuwa akiishi nasi. Alikwenda misa ya asubuhi kila siku, na pamoja na misa alikuwa na mambo yake mengine aliyotoka nayo kijijini kwao Kabare, ambayo hakuwahi kuona kwamba yanagombana na misa. Meli ya tatu ilipokaribia kwisha, baba alichonga watu saba kwa njiti za kiberiti, akawasimamisha juu ya sitaha. Mimi nikaanza kuwapa majina. Koko alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Nsimire, usifanye vile," alisema. "Kitu ya kwenda ku maji, hatupatiake jina ya mutu mwenye angali anapumua. Maji inasikia."

"Koko, hii haiende ku ziwa. Iko ya ku kabati."

"Maji iko kila fasi."

Baba alicheka bila kugeuka. "Muache, Maman. Anacheza."

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Papa Furaha, baba wa rafiki yangu Furaha. Alikuwa akipeleka viatu vya mitumba Goma kwa mashua na kurudi na maharage. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mcheshi, anayependwa. Ucheshi wake mwingi aliumalizia kwa baba. Baba akipita jioni kutoka kazini, Papa Furaha alisimama mbele ya wenzake na kumpigia saluti. "Kapiteni, leo umefika wapi?" Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu, na baba alipita kama hakusikia.

Siku moja nilikuwa kwenye bomba nikingoja zamu yangu ya maji. Papa Furaha aliwaambia wanawake waliokuwa pale kwamba kuna wanaume ambao wake zao wanafanya kazi mpaka Kavumu, wao wako nyumbani wanacheza na vitu vya batoto. Mama yangu alikuwa muuguzi kule Kavumu, na zamu zake nyingi ziliangukia mwisho wa juma. Wanawake walinitazama, wakacheka. Papa Furaha naye alinitazama. Alijua kabisa kwamba niko pale.

Nilirudi nyumbani na ndoo yangu. Baba alikuwa ametoka. Nilimimina maji katika beseni, nikateremsha ile meli ya watu saba na kuiweka majini, ikakaa upande kidogo. Nilimchagua mtu aliyesimama karibu kabisa na ukingo, nikamwita kwa jina, Papa Furaha, nikamsukuma kwa ukucha mpaka akabanduka. Alielea, maana alikuwa kijiti. Kwa hiyo nilimshikilia chini ya maji kwa kidole. Nakumbuka muda niliomshikilia. Nilihesabu mpaka mia.

Kesho yake niligombana na Furaha juu ya kamba ya kurukia. Yeye alisema baba yangu ni mjinga. Mimi nikasema, "Papa yako amekwisha kuzama. Nilimuzamisha mu bassin, na kamutu kake nimekatupa mu chooni." Hilo la choo lilikuwa kweli pia. Nilikuwa nimekitupa ili baba asinigombeze.

Juma lililofuata, mashua iliyotoka Goma ilipigwa na dhoruba mchana, karibu na kisiwa cha Idjwi, ikapinduka. Watu wachache waliokolewa. Papa Furaha hakuwa miongoni mwao, na mwili wake haukupatikana.

Sijui namna ya kueleza siku zile kwa mtu ambaye hajawahi kuamini kwamba ameua. Kilio kilikuwa ng'ambo ya ukuta, mwanamke mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Nilinawa mikono mara nyingi, hasa kile kidole. Sikumwambia mtu. Koko alikwenda kukaa na wafiwa tangu siku ya kwanza, na kila aliporudi alinitazama kwa muda mrefu.

Walikuja Jumamosi mchana, mama akiwa kazini. Nilisikia kwanza jiwe juu ya bati, halafu la pili. Baba aliweka kisu chake mezani, akafungua mlango. Huko nje walikuwa watu kama arobaini, na mbele yao Maman Furaha, miguu mitupu, kitambaa kimefungwa kiunoni. Koko alikuwa amekuja nao kutoka msibani. Alipenya haraka katikati yao akaja kusimama karibu yangu, akihema.

"Papa Nsimire," alisema Maman Furaha, na sauti yake ilikuwa ya taratibu. "Tunaomba mutoto."

"Mutoto wa kufanya nini?"

"Atuonyeshe fasi alimuweka bwana yangu."

Baba hakuelewa. Kijana mmoja alimpita, akaingia ndani, akatoka na meli ya tatu. Maman Furaha alihesabu kwa kidole wale waliosimama juu ya sitaha, kwa sauti. Walikuwa sita.

"Furaha anasema balikuwa saba. Mutoto wako alimuambia: wa saba ni Papa, na alimuzamisha. Wa saba iko wapi?" Kisha alimgeukia bibi yangu. "Koko, wewe uko mutu ya Mungu. Ulijua?"

Koko angeweza kunyamaza. Alikuwa mzee, watu wangemwacha anyamaze.

"Nilibaonya," alisema. "Nilibaambia majina, hapana. Habakusikia."

Umati ulitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Mwanaume mmoja nyuma alisema, "Kalete kale kamutoto. Kako kachawi." Wengine wakalirudia neno hilo. Mji wetu unajua mtoto aliyeitwa hivyo anaishia wapi. Anatolewa kwao, analala chini ya meza za soko, na huyo ndiye aliyepata bahati. Nilikuwa nimewaona wawili kwa macho yangu.

Baba aligeuka, akanitazama. Kutoka hapo mpaka aliposema hapakupita muda mrefu, lakini naamini alisoma usoni pangu kila kitu. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata kwa adabu. Mgeni akimuuliza kama anasumbua, alijibu ndiyo.

"Majina nilipatia mimi," alisema. "Mutoto alirudilia tu yenye alisikia kwangu. Na kale kamutu, mimi ndiye nilikazamisha."

"Juu ya nini?" aliuliza Maman Furaha.

"Juu alikuwa ananicheka."

Sababu hiyo ilikuwa yangu. Aliichukua, akaivaa, na ilimkaa sawasawa, kwa sababu wote waliokuwa pale walikuwa wamecheka pamoja na marehemu.

Walimwangusha pale pale mlangoni. Koko alinishika kichwa akanibana kwenye kitenge chake, kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyofuata niliisikia tu. Nilisikia meli zikikanyagwa, zote tatu, na mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilisikia mtu akisema, "Mukono ya kuume ndiyo inachongaka." Nikajitoa kwenye kitenge. Walikuwa wameuweka mkono wa baba juu ya kizingiti, na mmoja wao, baba wa mtoto niliyekaa naye dawati moja shuleni, aliupiga kwa tofali. Mara tatu.

Ndipo Maman Furaha aliposema, "Inatosha."

Wakaacha. Neno moja, na watu arobaini wakaweka mawe chini na kurudi kwao. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Alikuwa nalo mdomoni tangu alipofika.

Mama alirudi akatukuta tumefunga vitu vyetu katika shuka. Tulihamia Bagira, kwa mjomba wangu. Vidole viwili vya baba havikukunjika tena. Hakuweza kushika kalamu nyembamba ya kuchorea, kwa hiyo ofisini walimhamishia kwenye chumba cha makaratasi ya zamani, akawa anabeba mafaili ya viwanja alivyovichora mwenyewe. Siku moja alijaribu kupasua ubao kwa mkono wa kushoto. Alipasua kidogo, akafagia vumbi, akaenda kulala mchana.

Waliookoka walikuja kusema yaliyotokea. Mashua ilijazwa magunia mpaka maji yakawa karibu na ukingo. Abiria waliomba isiondoke kwa sababu wingu lilikuwa limeonekana. Mwenye mashua akasema iondoke. Hakuna aliyekwenda kwake na mawe. Alikuwa na ukuta na mlinzi.

Koko aliishi nasi miaka sita zaidi. Nilimpelekea chakula, nilimfulia, nilimshika mkono kwenda misa. Zaidi ya hapo sikuwa na maneno ya kumpa. Mara moja tu aliigusia siku ile yeye mwenyewe. "Nsimire, nilisema kweli," aliniambia. "Ndiyo, Koko," nilijibu. Alipokufa nililia, na hata wakati nalia nilikuwa na hasira naye.

Kwa baba nilikiri nikiwa mtu mzima, tayari na watoto wangu mwenyewe. Nilimweleza kuhusu bomba, beseni, kidole, na kuhesabu mpaka mia. Nilimwambia kwamba sikuwa nikicheza. Nilitaka yule mtu afe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na onze ans, kumi na moja tu," alisema. "Kila mutu wa onze ans amekwisha kuua mutu mu kichwa."

"Na wewe, Papa, hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nilifikiri watanipiga kichwa."

Akawasha redio.

Mwaka jana nilikutana na Maman Furaha katika duka la dawa. Ninafanya kazi katika shirika moja hapa mjini, na nilikuwa nimevaa nguo za kazi, kwa hiyo sikutegemea anitambue. Alinitambua. Amezeeka vizuri. Alinishika mabega yote mawili kama mtu aliyempata ndugu.

"Nsimire, mutoto yangu. Papa iko aje?"

"Vidole vyake havikunjike, Maman."

Mikono yake ilishuka kutoka mabegani mwangu. Muuza dawa alijifanya anahesabu vidonge. "Ni mambo ya Mungu," alisema Maman Furaha.

"Hapana," nilisema. "Mungu hakukuwa pale. Wewe ulikuwa pale."

Nililipa, nikatoka. Usiku nilijiuliza kama nilikuwa nimemwonea mjane. Labda. Alipoteza mume bila hata mwili wa kuzika, na mwenye kosa hakuwa wa kufikiwa, basi akamtafuta aliyekuwa karibu. Na mimi ndiye niliyempa pa kuanzia, kwa mdomo wangu, juu ya kamba ya kurukia. Siamini kwamba maji yanasikia majina. Naamini nilitamka chuki yangu mahali ambapo ya wengine ilikuwa ikingoja, na baba akailipia yote. Hayo nayaelewa, upande wa Maman Furaha na upande wangu. Nilidhani kuelewa kungenipunguzia kitu. Hakujanipunguzia. Nikimwona tena barabarani, nitavuka kwenda upande wa pili.