Maji ya Pili

Mwezi uliopita nilirudi Mbinga kwenye harusi ya kitinda mimba wa shangazi yangu. Ukumbi ulipambwa mpaka darini. Kabla ya chakula wakapita vijana waliovaa vizibao vyeusi, wakamwekea kila mtu kibakuli cha kioo chenye maji ya uvuguvugu na kipande cha limau kikielea juu. Nikachovya vidole, nikafuta kwa kitambaa cha karatasi, kwisha. Hakuna aliyeniangalia, wala mimi sikumwangalia mtu. Nikajiuliza moyoni, kumbe ndiyo kunawa kwenyewe siku hizi?

Vile vibakuli vilipendeza, sikatai. Lakini mwenzangu, kama ulilelewa na bibi kama wangu, ungenielewa. Nyumba yake ilikuwa mlimani, mikahawa ikianzia nyuma ya jiko, na Julai baridi ya huko ilikuwa haina utani. Alikuwa na beseni la bati jeupe lenye maua mekundu, jagi la kijani na taulo moja jembamba, vyote kwa ajili ya kunawisha wageni tu. Kaka yangu aliwahi kuloweka soksi katika beseni lile. Fimbo aliyochapwa siku hiyo anaikumbuka mpaka leo, naye sasa ana wajukuu.

Kunawisha ilikuwa kazi yangu, na nilijivuna nayo kuliko hata kusoma. Maji yalipashwa moto kwenye mafiga, bibi akayapima kwa kiwiko kama anataka kumwogesha mtoto mchanga. Unaanza na mgeni aliye mkubwa kuliko wote. Unapiga magoti, beseni mkono wa kushoto, jagi kulia, taulo begani. Unasema shikamoo, karibu maji. Unamimina taratibu, uzi mwembamba, usimrushie mtu matone kwenye suruali, na macho yako yanabaki kwenye mikono yake. Bibi alikuwa akisema mikono ya mgeni itakwambia alikotoka. Nami niliisoma kweli: mikono ya wachuma kahawa ina weusi kwenye kucha, ya padri ni laini, ya fundi cherehani ina matundu ya sindano.

Hayo ni maji ya kwanza. Maji ya pili, yale ya baada ya kula, ndiyo yenye kazi. Ukiyachelewesha, mgeni anakaa na mikono inamnatanata. Ukiyawahisha umemfukuza, maana mkubwa akishanawa, hakuna wa upande wake atakayegusa tena chakula. Kwa hiyo bibi alinipa alama moja tu: mkono wa mkubwa wao ukitua gotini, peleka maji.

Sasa basi. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa hivi, na shangazi, mdogo wake baba, alikuwa akiposwa na mwalimu kijana wa shule yetu. Mwalimu huyo kwao ni ziwani, upande wa Mbamba Bay. Ujue kwamba shangazi alikuwa ameshaposwa kabla. Yule mchumba wa kwanza alikula kwetu mara mbili, kisha akaoa kwingine, na majirani waliyatafuna maneno hayo misimu miwili ya kahawa. Kisimani walinyamaza shangazi akifika. Safari hii alimpenda mtu mwenyewe, tena sana. Wiki nzima kabla ya wageni kuja hakulala vizuri, najua kwa sababu tulilala kitanda kimoja.

Wageni walipanda kutoka ziwani na lori la samaki, wakafika mchana wametapakaa vumbi na wanatetemeka kwa baridi. Mkubwa wao alikuwa baba mkubwa wa mwalimu, mzee mrefu mwenye koti lililombana. Nilipommiminia maji ya kwanza, aliiacha mikono chini ya jagi muda mrefu, akafumba macho. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya kamba za nyavu. Akaniambia ahsante mama, na mimi nikavimba kichwa.

Babu alikuwa ameagiza magege kutoka hukohuko ziwani ili awafurahishe. Jirani yetu alimcheka sana, eti unawapelekea watu wa ziwani samaki! Lakini samaki walikuwa wa kufungulia tu. Mlo wenyewe ulikuwa jogoo, aliyepikwa na shangazi kwa mkono wake, akingoja kwenye chungu. Kwetu wageni wa posa wakimla kuku wa binti, na mkubwa wao akala firigisi, wamekubali. Wakiondoka bila kumgusa, mambo yameishia hapo.

Nilikaa mlangoni na beseni langu, macho kwa yule mzee. Alikula upande mmoja wa samaki, akageuza, akala upande wa pili. Kichwa hakukigusa. Kisha akaegemea nyuma, akaanza kumsimulia babu habari za mawimbi, na mkono wake ukatua gotini. Nikainuka. Nilipiga magoti vizuri kabisa, nikasema karibu maji babu.

Mzee alinyamaza katikati ya neno. Aliangalia beseni, akamwangalia babu, akanyoosha mikono akanawa. Mwalimu alikuwa amemega tonge. Akalirudisha sahanini polepole. Wenzake wakaondoa mikono mmoja mmoja. Babu akakohoa. Sikuelewa nilichofanya mpaka nilipogeuka nikamwona shangazi kwenye mlango wa jiko, bakuli la kuku mikononi, mvuke ukimpanda usoni. Hakulia. Alirudi ndani akaliweka chini, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na beseni langu.

Bibi alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Aliangalia ile meza mara moja tu, akaona kichwa cha samaki kizima mbele ya mzee, akaelewa. Mtu wa ziwani haachi kichwa. Hupumzika kwanza, akazungumza, kisha akakirudia taratibu kwa sababu ndicho kitamu. Sisi wa milimani mkono ukitua, tumeshiba. Akanipokonya jagi, akapiga magoti mbele ya mgeni, yeye ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti isipokuwa kanisani.

"Baba, mtoto hana kosa," alisema. "Alama hiyo nilimpa mimi, na mimi sijui watu wa ziwani wanavyokula. Chakula chenu bado kiko jikoni. Naomba niwanawishe upya."

Mzee aliinuka kwenye kiti, nikadhani anaondoka. Kumbe alichukua jagi mkononi mwa bibi, akammiminia yeye kwanza, mikono miwili, taratibu kama nilivyofundishwa mimi. Akasema, "Mama, mwenye jiko ndiye anawe mbele. Huyo kuku yuko wapi?"

Shangazi alimleta mwenyewe. Mzee alikula firigisi, kisha, mbele ya wote, akakirudia kichwa chake cha samaki. Nilisubiri maji ya pili mpaka miguu ikafa ganzi.

Bibi hayupo, babu hayupo, yule mzee naye amelala kando ya ziwa lake siku nyingi. Beseni sijui liliishia wapi. Nililiulizia, hakuna anayelikumbuka. Nyumba zetu zote sasa zina sinki na bomba, tena nzuri, nami ninayo. Mgeni anaonyeshwa kwa kidole: bomba lile pale. Ananawa ametupa mgongo. Watoto wangu hawajui mkono wa mtu yeyote, na hilo linaniuma, sitaficha.

Pale ukumbini shangazi alikaa upande wangu, mama wa bibi harusi, kilemba kimemkaa vyema. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Alijaribu kuchovya vidole kwenye kile kibakuli, maji yakamwagikia kitambaa cha meza, akaondoa mkono akauficha mapajani. Basi nikaomba jagi la maji ya moto na bakuli kubwa kwa kijana wa kizibao. Nikapiga magoti na kitenge changu cha sare, nikasema shikamoo shangazi, karibu maji. Watu waligeuka kutazama, na watazame. Nikammiminia uzi mwembamba, nikamkausha kidole kimoja kimoja. Viganja vyake, baada ya miaka yote ya kuolewa ziwani, sasa vilikuwa na makovu ya kamba za nyavu.

Alinitazama, macho yamejaa, mdomo ukitaka kucheka.

"Ya pili," akasema, "ngoja nikwambie mwenyewe."