Mtoto wa special aliyekuwa "anamsonya" matroni wetu kila asubuhi kwenye school bus

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa cha school bus tu, na chumvi siongezi maana chenyewe kimekolea.

Mimi ni dereva wa basi la shule moja hapa Dodoma. Shule ina watoto wa kawaida na ina kitengo cha special, na wote wanapanda basi langu. Kelele zake tuachieni wenyewe.

Matroni wetu ni Mama Zuhura, mzaliwa wa hapa mjini. Mkali huyo! Usipomwamkia, utaisikia siku nzima. Lakini ndiye anayewafuta kamasi kwa khanga yake mwenyewe.

Ipagala tunamchukua Rehema. Ana mtindio wa ubongo, miguu haimtii na ulimi nao vilevile.

Mama yake anawahi vibarua vya zabibu Makutupora, kwa hiyo jirani anamtoa mtoto mpaka getini, halafu Mama Zuhura anambeba mgongoni kumpandisha.

Hapo sasa ndipo kasheshe.

Basi zima: "Shikamoo matroni!"

Rehema, yuko mgongoni kabisa: "Nts!"

Kila asubuhi. Jamani, umembeba mtoto halafu anakusonya sikioni!

Na hawa wengine walivyo wambea: "Matroni, kakusonya tena!" Wakaanza kuigiza, basi zima ni nts, nts. Wakaenda nayo hadi majumbani, wazazi wakaja juu.

Uzalendo ukamshinda Mama Zuhura. Akaenda kwa mkuu wa shule: "Mimi nabeba watoto, sibebi matusi."

Mkuu akasema mtoto asipobadilika, wiki ijayo hapandi basi.

Wakuu, kwa Rehema bila basi hakuna shule. Nani ambebe mpaka huko kila siku? Nilikuwa namwangalia kwenye kioo anavyochekacheka na wenzake, hajui lolote, roho inaniuma kweli.

Mama yake alipopigiwa simu alilia sana. Akamwita bibi wa mtoto kutoka Chemba, ambaye ndiye aliyemlea Rehema mpaka mwaka huu alipoletwa mjini kusoma.

Ijumaa tunafika getini, bibi huyo hapo na mjukuu wake. Rehema kumwona tu matroni: "Nts!"

"Umesikia mwenyewe, mama?" Mama Zuhura akasema. "Ndivyo anavyonifanyia."

Bibi akacheka mpaka akashikilia mlango wa basi.

"Hasonyi huyu, mwanangu. Anakuita."

"Ananiita nani?"

"Mimi."



"Sisi Wasandawe, maneno mengine tunayaliza kwa ulimi," bibi akasema. "Jina langu la nyumbani linaanza hivyo." Akalitamka lote, na pale mwanzo ulimi ukalia ileile nts. Nawaapia! "Yeye ulimi unamwishia hapo. Kule nilikuwa nambeba mimi mgongoni. Huku unambeba wewe, basi kakupa jina langu."

Aisee.

Mama Zuhura akavuta ile khanga ya kamasi, safari hii akajifuta yeye. Mimi nikajifanya nacheki side mirror, na hata sikuona kitu vizuri. Siku hiyohiyo akaenda mwenyewe kwa mkuu, akafuta malalamiko yake yote.

Jumatatu, Ipagala. Watoto wameshaamkia. Rehema mgongoni: "Nts!"

Mama Zuhura, kwa sauti ya basi zima kusikia: "Abee!"

Mtoto alicheka huyo! Akarudia tena na tena, na kila akiita, matroni anaitika, mpaka shuleni. Siku hizi ndiyo wimbo wetu, na mimi nimeuzoea mpaka siku za likizo naukumbuka.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujasema mtoto hana adabu, uliza kwao wanaongeaje.

Wazazi, walimu na madereva wenzangu mnaobeba watoto hawa, shusheni vya kwenu hapa chini.

Na atakayekuja kunisonya kwenye comments, mimi nitaitika tu: naam!