Mume Wangu Aliponiinamia

Nilikuwa nimemnunia mume wangu siku nne. Kosa lake: alimwambia mama yake kwenye simu aje Doha akae nasi miezi mitatu, kisha mimi akanijulisha akiwa anapiga mswaki. Mswaki mdomoni! Nikaapa sitamsemesha mpaka aombe msamaha, na mimi nikiapa nimeapa.

Siku ya tano ikawa Ijumaa, na Ijumaa mimi hucheza dansi za Kiskoti. Msinicheke. Mfilipino ninayefanya naye kazi wodini ndiye aliyenivuta hadi ukumbi wa shule moja huko Al Thumama, na tangu siku ya kwanza nikanaswa. Huchezwa na watu wanane, wanaume wanne mstari huu, wanawake wanne mstari ule, mkitazamana. Akikosekana mmoja, saba wanakaa chini. Asubuhi hiyo Mganda ninayecheza naye, mlinzi wa jengo fulani kule The Pearl, alipangiwa zamu ghafla. Mwalimu wetu, bibi wa Kiskoti mwenye sauti ya kamanda, akanipigia: nilete yeyote mwenye miguu miwili.

Mwenye miguu miwili alikuwa sebuleni akinywa chai. Nikamwandikia ujumbe, maana kuandika si kusema: "Saa nne tunatoka. Jitayarishe."

Akatokea na suti, tai na viatu vya ngozi vyenye ncha, uso umemnywea. Nikajua amedhani nampeleka kwa pasta tukapatanishwe. Sikumsahihisha. Kutoka Al Wakrah mpaka Al Thumama nilitazama nje ya dirisha nikiuma midomo nisicheke.

Dansi hizo huanza kwa heshima: mwanamume anamwinamia mwenzake, mwanamke anakunja goti kidogo. Mwalimu akaamuru. Mume wangu, ambaye hata kanisani huinama nusu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona wenzake wameshainama, naye akainama mbele yangu, tai ikining'inia. Lo, raha niliyoisikia! Nilitamani muziki usianze.

Ukaanza. Alitakiwa kugeukia nje na kupita nyuma ya mstari wa wanaume. Yeye akakata katikati, akaingia kwa wanawake, akamshika kiuno Mfilipino wangu kana kwamba tuko kwenye mugithi wa harusi, ile dansi ya kushikana viuno kama treni, viatu vikateleza, akapita mbele yangu mikono hewani. Mistari yote miwili ilikuwa inavunjika, na wote wananitazama mimi niliyemleta. Nilifunga mdomo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kulia! Kulia, baba watoto! Wee, hiyo ni kulia ya nani?"

Akasimama wima katikati ya ukumbi, watu wakimpita huku na huku.

"Umeongea!"

"Sijaongea! Nimekuelekeza tu! Lete mkono, twende!"

Akaleta mkono. Tukazunguka, tukaachana, akapokewa na mwingine, akarudishwa kwangu, tukazunguka tena, na kila aliporudi nilimkuta anacheka zaidi. Kichwa kilinizunguka hata sikujua mlango uko wapi. Hasira nilizozitunza siku nne nilizitafuta, sikuziona, wala sikujali.

Muziki ulipokoma, wanaume wakainama tena kufunga. Wote wakainuka. Wangu akabaki chini, akihema.

"Hiyo maneno ya mama," akasema, akiviambia viatu vyake. "Ningekuuliza kwanza. Nisamehe, mama watoto. Leo nitampigia nimwambie asije."

Kabla sijajibu, mwalimu akapiga makofi, akatangaza kwamba mwezi ujao mwanamke mmoja anarudi kwao kabisa, na tusipompata mwingine tutakaa chini.

Nikamkumbuka mama mkwe wangu siku ya harusi yetu, alivyocheza mpaka wapiga muziki wakaomba maji.

"Inuka," nikamwambia. "Mpigie saa hii. Mwambie aje, na abebe raba. Asije na viatu kama vyako."