Weupe wa Gaudensia

Wifi yangu Gaudensia, mke wa marehemu kaka yangu Xavery, ana kichwa kigumu. Nasema hivyo na nampenda. Hapa Ipuli, kwa miaka kumi na minane, ndiye aliyefua vitambaa vya altare na kanzu za watumishi wa kanisa letu, na hakuna aliyemfikia kwa weupe. Ukimsifu anakuambia, "Usinisifu mimi, sifu hii mikono." Ana majivuno, lakini majivuno yenye kazi.

Siri yake ilikuwa klorini, ile wanayopima sokoni kwenye chupa kuukuu za maji. Vumbi letu la Tabora likiingia kwenye kola halitoki kwa sabuni ya mche peke yake. Basi kila akifua alimimina klorini kwenye beseni, akakamulia ndimu nne ili ikolee. Halafu, kwa kuogopa vumbi hilohilo, akajifungia bafuni na dirisha akaliziba kwa gunia. Akimaliza, maji anamwaga nyuma ya nyumba. Mchicha wangu wote ulikauka pale. Nilipogomba akanijibu, "Wifi, mchicha wako mvivu kama wewe."

Jumatano ya Juma Kuu nilisikia beseni likianguka. Nikaita, kimya. Nikausukuma mlango kwa bega, hewa kali ikanipiga, machozi yakanitoka. Gaudensia alikuwa amekaa sakafuni, anavuta pumzi haiji. Mama yangu wee! Nikamburuta mpaka uani huku napiga yowe.

Hospitali muuguzi alitaka kujua alichanganya nini. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini, akamgeukia Gaudensia.

"Mama, klorini ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Na wewe umejifungia nayo ndani!"

Akamshauri afue kwa maji ya moto na sabuni, ndimu aitumie bila klorini, na kung'arisha aliachie jua. Gaudensia hakuuliza habari za kifua chake. Alianza kulia.

"Wifi, nimewafundisha wanawake sita."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kuwaambia ni kukiri mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisa kwamba sifa zake zote zilitokana na sumu, na huenda kazi ya kanisani akanyang'anywa. Nilimwambia aniachie, nitapita nyumba kwa nyumba. Akakataa katakata.

"Mdomo uliofundisha ni wangu. Utasema wenyewe."

Baada ya wiki mbili jumuiya ilikutana kwa Veneranda, mwenyekiti wetu. Sala ilipokwisha Gaudensia akasimama, kashika ukuta, sauti inakwaruza. Akakunjua kitambaa cha altare alichokifua kwa sabuni na ndimu na kukianika siku mbili juani. Kilikuwa kimetakata, lakini weupe wake ulikuwa wa maziwa, si ule wa kuumiza macho.

"Mimi sasa nafua hivi," akasema. "Ile njia niliyowafundisha inaua. Nisameheni."

Veneranda alikigeuzageuza kitambaa. "Altare ya Bwana, Gaudensia, kwa kitambaa cha hivi?" Papo hapo akauliza ni nani kati ya wale sita atakayeichukua kazi. Hasira zilinipanda, nikafungua mdomo nimpashe.

Apolinaria akaniwahi. Ni mmoja wa wale sita, mpole, ameolewa mwaka jana na ana mimba ya miezi saba. Alisimama.

"Mama Gaudensia, mimi nakohoa tangu Krismasi. Nilidhani ni mimi tu niliye dhaifu, nikaona aibu kukuambia."

Mwenzake aliyekaa mlangoni akasema hata yeye anakohoa. Wa tatu akainua mkono tu. Veneranda akamrudishia Gaudensia kitambaa.

Kikao hakikuisha. Gaudensia, ambaye asubuhi ile alishindwa kufika bombani bila kupumzika mara mbili, alimshika Apolinaria mkono, wakatoka kwenda hospitali.