Maji ya Kiti cha Nyuma

Harufu ya zulia la gari lililolowa, kisha likafungiwa ndani na jua, haifanani na harufu nyingine. Ina kitu cha gunia bichi, kitu cha nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na ndani yake kabisa kuna uchachu unaomfanya mtu afikirie mkojo. Hicho cha mwisho ndicho kilichoniponza. Masika ile nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, tunaishi Kilosa katika nyumba yenye uwanja unaopanda kuelekea barabarani. Gari letu la kwanza lililala hapo chini ya mti wa mkrismasi, pua juu, nyuma chini, kwa sababu baba alipenda asubuhi atoke moja kwa moja bila kuhangaika kugeuza. Majani ya mkrismasi ni madogo kama punje za mchele. Yalianguka mchana kutwa juu ya paa, na Rajabu, kaka yangu wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuyafagia kwa ufagio wa chelewa.

Baba alikuwa bwana mifugo. Gari alilinunua kwa mtumishi mwenzake aliyehamishwa, saluni nyeupe yenye dirisha dogo la kioo cheusi juu ya paa. Watoto wa mtaa waliliita sanrufu, na siku ile lilipofika walijipanga ili kila mmoja atoe kichwa juu na kuuona mtaa wetu kama ndiyo kwanza anaufika. Baba alilifungua siku hiyo, akalifungua tena siku ya Idi, kisha akasema vumbi linaingia. Tangu hapo halikufunguliwa, na sisi tukasahau kwamba lile nalo lilikuwa dirisha.

Mwanzoni mwa masika Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, aliteleza jikoni kwake akavunjika mkono. Aliishi Mikumi, kandokando ya barabara kuu, akipikia madereva wa malori wali na maharage. Basi ikawa kila Jumamosi tunafunga safari kumpelekea mchele na unga, na mama anamfulia na kumsaidia kupika. Baba aliendesha, mama akakaa pembeni yake, Rajabu nyuma kulia, mimi nyuma kushoto. Njia ya Kilosa na Mikumi wakati ule ilikuwa ya mashimo na tope jekundu, na gari lilitikisika hadi meno yakagongana.

Jumamosi ya kwanza tulipofika, nikashuka, mama akanitazama nyuma. Sketi yangu ilikuwa imelowa. Akaingiza mkono garini, akaminya kiti, maji yakachuruzika kutoka kwenye sponji, rangi ya chai iliyozimuliwa. Lazima niseme ukweli hapa: hadi mwisho wa mwaka uliotangulia nilikuwa nakojoa kitandani. Mtaa mzima ulijua, maana godoro langu lilianikwa ua wa mbele. Ilikuwa imepita miezi miwili mikavu, na mimi nilikuwa nimeanza kutembea kama mtu mkubwa. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

"Kikojozi amerudi kazini," Rajabu akasema.

Baba alimkaripia, kisha akainama karibu yangu. "Zuhura, ungesema tu, mwanangu. Ningesimamisha gari."

Aliyasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukali, kwa sababu haukuniachia pa kubishia. Ningejibu nini? Sikuwa nimehisi chochote. Lakini hata kitandani sikuwahi kuhisi chochote. Niliamka tu nikakuta yameshatokea.

Jumamosi ya pili mama alitandika nailoni kwenye kiti changu, ile ngumu ya kufunikia vitabu vya shule. Nilikaa nimebana miguu njia nzima, mkono mmoja nimeshika mlango, nikihesabu madaraja. Tulipofika, juu ya nailoni kulikuwa na kidimbwi. Mama alikifuta kwa kanga kuukuu bila kunitazama. Wiki iliyofuata nilianza kupanga mambo yangu mwenyewe. Tangu Ijumaa mchana sikunywa maji. Usiku nilimwaga uji wangu nje kwa kuku, asubuhi nikaigusisha chai mdomoni na kuirudisha. Jumamosi ya tatu nilipanda gari midomo imepasuka na kichwa kinagonga, nikiwa na uhakika kwamba leo nitashuka mkavu.

Nikashuka nimelowa.

Sijui kama naweza kueleza vizuri nilivyojisikia. Siyo aibu tena. Aibu nilikuwa nimeizoea. Nilianza kuuogopa mwili wangu, kwamba una mambo yake unayoyafanya bila mimi, na kwamba hata nikiunyima maji utayatafuta kwingine. Nilikaa nyuma ya jiko la shangazi, kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikikataa chakula. Shangazi akaja, mkono wake umefungwa shingoni kwa kitambaa, akaniwekea kikombe cha maji mbele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kunywa."

Nikatikisa kichwa.

"Midomo hiyo imekauka hivyo, unakataa maji? Umefunga?"

Hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia yote: nailoni, uji wa kuku, chai niliyoirudisha. "Sijanywa tangu jana mchana, shangazi, na bado nimekojoa."

Akanisogezea kikombe. "Mtu asiyekunywa anakojoa nini?" akasema. Akanisimamia mpaka nikamaliza kikombe, kisha cha pili, ndipo akaenda kumwita baba. Walisemezana Kisagara, lugha ya nyumbani kwao ambayo sisi watoto tuliisikia nusunusu. Sauti ya shangazi ilikuwa juu. Baba alirudi garini, na njia nzima ya kurudi alinitazama mara kwa mara kwenye kioo cha ndani.

Jumamosi ya nne mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Tuliondoka jua limeanza kutoka. Tulipokuwa tunateremka mteremko mmoja kabla ya Mikumi, kundi la ng'ombe likakatisha barabara, vijana wawili wafugaji nyuma yake na fimbo zao mabegani. Baba akakanyaga breki kwa nguvu. Gari likainamisha pua, na kutoka kwenye taa ndogo ya ndani, juu kabisa ya kioo, maji yakamwagika kama mtu amegeuza jagi. Yote yalitua mapajani kwa baba.

Ng'ombe walipita mmoja mmoja. Baba alikuwa amevaa suruali ya kaki, ile ya kazini aliyoipiga pasi mwenyewe, na doa lilikuwa linatambaa taratibu kuelekea magotini.

"Baba Rajabu," mama akasema, "na wewe tena?"

Akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Akageuka nyuma, akanitazama, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Baba aliingia Mikumi na suruali ile ile. Alipita mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai, mmoja akamwambia mwenzake kitu wakacheka, naye hakujitetea. Nyuma ya kibanda cha shangazi kulikuwa na fundi mmoja mwembamba aliyeitwa Chidi. Baba akamweleza. Fundi hakugusa nailoni wala kiti; alibonyeza kitufe, dirisha la paani likafunguka kwa kukwaruza, akapitisha kidole kwenye mfereji unaolizunguka. Kidole kikatoka kimejaa tope jeusi na vijani vya mkrismasi.

"Hili dirisha halizuii maji yote, mzee," akasema. "Yanayopita yanaingia kwenye mfereji huu. Kila pembe ina tundu, na kila tundu lina mpira unaoshuka ndani ya nguzo ya mlango mpaka chini. Hapa kumeziba. Ukiegesha gari limepanda, maji yanarudi nyuma kushoto. Nani anakaa kule?"

Baba akanigeukia. "Binti yangu."

Alitaka kuleta waya wa breki ya baiskeli, fundi akakataa, akasema waya utatoboa mpira na maji yataingia ndani moja kwa moja. Alitumia uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani, akauzungusha polepole pembe baada ya pembe. Kisha akachomeka kipande cha mpira kwenye tundu, akapuliza kwa mdomo. Chini, karibu na gurudumu la nyuma, bonge jeusi likadondoka.

Baba aliniita. Akaninyanyua, akanipa kikombe cha maji. "Mimina wewe."

Nikamimina pale penye tundu, kidogo kidogo. Rajabu alikuwa amechuchumaa chini ya gari. Tukasubiri. "Yanatoka!" akapiga kelele. "Yanatoka huku!" Nikamimina hadi kikombe kikaisha. Baba alikuwa bado amenibeba, suruali yake mbichi ikinigusa miguuni, akasema karibu na sikio langu, "Nisamehe, mama. Tulipaswa kukusikiliza." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwomba mtu mdogo msamaha, na sikujua ombi kama hilo linajibiwaje. Nikamwambia nina kiu.

Sasa baba amestaafu, na barabara ile nimeambiwa inatengenezwa. Mimi naishi Morogoro. Majuzi nilipomtembelea nilimuuliza kama anaikumbuka masika ile. Alifurahi sana. Anakumbuka ng'ombe, anakumbuka kucheka kwa madereva, anakumbuka hata jina la fundi. Nailoni haikumbuki, wala uji. Kwangu mimi ilikuwa masika nzima. Kwake imebaki Jumamosi moja ya kuchekesha. Sikumsahihisha, maana alichopaswa kukisema alikisema siku ile ile. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi mwingine. Nina mtoto wa miaka minane, na mimi ni mwepesi wa kuhukumu kwa upole. Nikamuuliza kama kuna siku nilimlaumu kwa jambo ambalo hakulifanya. Nilitegemea afikirie kwanza. Alitaja siku, akataja na nguo niliyokuwa nimevaa. Sikukumbuka chochote. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia anieleze kuanzia mwanzo.